Nyota Akiondoka, Subiri Oktoba

Kiungo Clatous Chama alitambulishwa Yanga, watani wetu wa jadi, tarehe 1 Julai 2024, mkataba wake na Simba ukiwa ndiyo kwanza umemalizika. Mimi ni katibu wa tawi la Simba hapa Dar es Salaam, kwa hiyo siku ile nilikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuumia kama wenzangu, na kuwazuia wenzangu wasifanye mambo ya aibu. Kuumia hakukunihitaji juhudi yoyote.

Kundi letu la WhatsApp lilifurika kabla ya adhuhuri. Nimekuwa katibu kwa muda wa kutosha kujua kwamba watu hawakasiriki kwa namna moja, na siku ile walijipanga wenyewe kana kwamba kuna aliyewagawia zamu. Kwanza walikuja wakanushaji. "Hiyo picha imetengenezwa, angalieni kola ya jezi." Wakaikuza, wakaizungushia duara jekundu, wakaona kivuli ambacho hakipo. Wakafuata wahesabu umri: "Ana miaka 33, wacheni aende. Chungwa tumekula sisi, wao wamebeba maganda." Halafu wakaja wenye matusi, ambao sitawanukuu, na wenye viongozi, yaani wale ambao kila jambo, hata mvua ikinyesha siku ya mechi, mwisho wake ni uongozi ujiuzulu.

Lakini wapo pia ambao hawakuandika kitu. Walitoka tu kwenye kundi. Unaona maandishi madogo ya kijivu kwamba fulani ametoka, basi. Hao ndio waliokuwa wananipa wasiwasi, kwa sababu mwenye kutukana bado yupo, anataka kusikika, na kesho atalipia kadi yake. Anayetoka kimya huenda asirudi. Nilitumia jioni ile kuwapigia simu mmoja mmoja. Mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi ambaye mechi za Kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, anazihesabu kama ibada, aliniambia: "Katibu, mimi sina ugomvi na mtu. Sitaki tu kuiona ile picha kila nikifungua simu." Alirudi wiki iliyofuata, picha ikiwa imeshazama chini ya mabishano mengine.

Ni lazima nieleze kwa nini Chama, kwa msomaji ambaye hakuishi nasi miaka ile. Alikuja mwaka 2018 kutoka Lusaka Dynamos ya Zambia. Desemba ya mwaka huo huo tukacheza na Nkana, wa kwao Zambia, tukihitaji kupindua matokeo ili tuingie makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Dakika za mwisho kabisa akaugusa mpira kwa kisigino, bao la tatu, 3-1, na watu wazima wakashikana mikono na wasiowajua. Machi 2019, mechi ya mwisho ya makundi dhidi ya AS Vita ya Kongo, mchezo uko 1-1, sare inatutoa. Dakika ya 90, Chama tena. Tukaenda robo fainali. Machi 2023 Horoya ya Guinea walipigwa 7-0, matatu ya kwake. Watu walimwita Mwamba wa Lusaka, na jina hilo halikutoka kwenye idara ya matangazo, lilitoka jukwaani.

Sasa mtu wa namna hiyo akivuka kutoka Msimbazi, makao yetu, kwenda Jangwani, makao ya Yanga, mwendo ambao kwa miguu hauwezi kukuchosha, usitegemee watu wazungumze habari za sheria ya mchezaji huru. Kisheria alikuwa huru, wala hakuna aliyebisha. Kijana mmoja wa tawi aliniuliza swali moja tu: "Katibu, jina la mgongoni linabanduka?" Alikuwa na jezi ya namba 17. Tulimpeleka kwa fundi anayechapa majina. Fundi akaishika jezi, akaikunja, akasema jina litabanduka ila kivuli chake kitabaki, na kivuli ni kibaya kuliko jina. Kijana akaondoka nayo hivyo hivyo.

Nimeyaeleza haya yote ili niseme jambo ambalo kwa miaka mingi sikuliona, nikiwa katikati yake. Kinachotokea siku ya tangazo, kelele zote zile, hakikuambii shabiki amelichukuliaje suala. Hiyo ni mshtuko. Hukumu yenyewe huja baadaye, na haitolewi na moyo wa mtu. Hutolewa na matokeo ya timu aliyoiacha nyota.

Nilianza kulishuku hili mwaka 2021. Agosti ile tuliwaaga wawili kwa mpigo: Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri, na Chama huyu huyu kwenda RS Berkane ya Morocco. Ukilinganisha na 2024, ilikuwa kama harusi. Tulijivuna. Miquissone ndiye aliyewafunga Al Ahly Kwa Mkapa Februari ya mwaka ule, 1-0, sasa wenyewe wamekuja kumchukua. Kuna sifa gani zaidi ya hiyo? Tulikuwa tumetwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo. Kwenye tawi watu walisema fedha zitanunua wengine, na waliosema hawakuwa na shaka. Sikumsikia hata mmoja akimwita msaliti yeyote kati ya wale wawili, wala kuwalaumu waliowauza.

Oktoba 2021 tukacheza na Jwaneng Galaxy. Tulishinda 2-0 kwao Botswana. Tukarudi nyumbani tukiwa tunapanga safari za makundi, tukafungwa 3-1 mbele ya macho yetu, tukatolewa kwa sheria ya bao la ugenini. Usiku ule kundi lile lile lililosherehekea mwezi Agosti likageuka. Waliuza timu. Nani aliyewaruhusu? Chama angekuwepo angeutuliza mpira dakika zile. Miquissone angekimbia nao kona. Nikapanda juu kwenye mazungumzo ya miezi miwili nyuma, nikawaona watu wale wale wakiwapigia makofi viongozi kwa biashara nzuri. Hakuna kilichobadilika kuhusu uhamisho wenyewe. Bei ni ile ile, klabu ni zile zile, wachezaji walikuwa wameshafika walikokwenda. Kilichobadilika ni Galaxy.

Chama akarudi Januari 2022 na tukampokea kama mtu aliyetoka kuhiji, lakini msimu ulikuwa umeshatuponyoka. Yanga wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi. Tangu hapo, mtu akitaja Agosti 2021 kwenye tawi letu, anaitaja kama mwezi wa kosa kubwa. Wakati ule ulikuwa mwezi wa sifa.

Basi nikaanza kuwatazama majirani, kuona kama na wao ni hivyo. Hili ni rahisi kwangu kwa kuwa mume wa dada yangu ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, wa kutupwa. Julai 2023 alikuwa katika msiba wake: Fiston Mayele anakwenda Pyramids ya Misri. Mayele alikuwa ametoka kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao 7, ameifikisha Yanga fainali dhidi ya USM Alger, na kwenye ligi amemaliza na mabao 17 sawa na Saido Ntibazonkiza wetu. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanajua kutetema, ile staili yake ya kushangilia bao. Shemeji alinipigia simu, sauti ya chini:

"Shemeji, mwaka huu mtatucheka."

"Poleni, shemeji. Hata sisi tumepitia."

"Nani atafunga? Niambie, nani?"

Sikuwa na jibu, na kwa kweli sikutaka kuwa nalo. Jibu lilikuja tarehe 5 Novemba 2023, na lilikuja kwetu: Simba 1, Yanga 5. Maxi Nzengeli mawili, Aziz Ki, Pacome, Musonda. Msimu ule Stephane Aziz Ki akamaliza na mabao 21 kwenye ligi, Yanga wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998 na kufika robo fainali. Nilimuuliza shemeji habari za Mayele siku moja tukiwa kwenye shughuli ya familia. Akaniangalia kama ninayemuulizia jirani aliyehama: "Yuko Misri. Anaendelea vizuri, nasikia." Hakuna chuki, hakuna machozi. Pyramids walipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2025 na Mayele akifunga kwenye mechi ya marudiano dhidi ya Mamelodi Sundowns, shemeji aliweka picha yake kwenye hali ya WhatsApp na moyo wa kijani. Moyo mkubwa hivyo ni rahisi kuwa nao ukiwa na makombe kabatini.

Hapo nilikuwa karibu kuamini kwamba nimemaliza hesabu. Ila kuna Feisal Salum wa Yanga, maarufu kama Fei Toto, na yeye aliiharibu hesabu yangu vibaya.

Desemba 2022 Yanga hawakuwa na shida yoyote ya matokeo. Walikuwa wanaongoza ligi, na mbele yao kulikuwa na ile safari ya fainali ya Afrika. Fei akatangaza kuvunja mkataba, Sh112 milioni zikawekwa kwenye akaunti ya klabu, na klabu ikasema mkataba haujavunjika. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Kwa kanuni yangu ya matokeo, mashabiki wanaoshinda kila wiki wangepuuza. Hawakupuuza hata kidogo. Shemeji, mtu mpole anayekataa hata kumfokea mbwa, alikuwa anazungumza kuhusu Fei kwa maneno ambayo dada yangu alilazimika kuwatoa watoto sebuleni. Na ilidumu miezi. Yanga wanashinda, hasira iko pale pale. Wanashinda tena, hasira inapanda.

Nimelifikiria hili sana na nadhani tofauti ni kwamba Fei hakuwa ameondoka. Alikuwa nusu ndani, nusu nje. Kila wiki kulikuwa na habari mpya: rufaa, mapitio, barua, mahojiano. Shabiki anaweza kumzika mchezaji aliyekwenda na akaanza maisha mapya na mwingine, lakini hawezi kumzika mtu ambaye bado jina lake liko kwenye orodha ya usajili. Suala lilikwisha Juni 2023, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuwaambia Yanga, walipokwenda Ikulu baada ya fainali ya Afrika, wakalimalize. Fei akaenda Azam. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 kwenye ligi, pungufu mawili tu ya Aziz Ki, akiwa na jezi ya Azam, na shemeji hakuwa tena na maneno makali. Alikuwa anasema, "Fei fundi, tatizo lilikuwa washauri." Sasa huyo ni mtu ambaye miezi michache nyuma hakutaka jina litajwe mbele ya chakula.

Kwa hiyo kanuni yangu ilipata kiraka: matokeo hutoa hukumu, lakini kesi haianzi kusikilizwa mpaka mchezaji awe ameondoka kweli. Viongozi wa klabu wanaosoma hapa, kama wapo, wajue kwamba kuchelewesha jambo miezi sita kunawaumiza watu kuliko kuuza.

Na wanaokwenda mbali? Wengi husema kwenda nje siyo usaliti, kwenda kwa mtani ndiyo usaliti, na kwa juu juu ni kweli. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe, ambao walimwona tulipokutana nao kwenye Ligi ya Mabingwa, na sijawahi kukutana na Mwanasimba mwenye kinyongo naye. Akachukua ubingwa wa Afrika 2015, akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk, akafika Aston Villa Januari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi Kuu ya Uingereza. Sasa hivi hata Yanga wanasema ni wao, kwa maana ya taifa. Lakini Agosti 2021 ilinionyesha kwamba umbali peke yake hautoshi. Kwenda nje kunakupa msamaha wa awali, basi. Ukiacha nyuma yako timu inayotolewa na Galaxy, msamaha unafutwa, na kwa kuwa wewe uko mbali, lawama zinawaangukia walioidhinisha.

Nilipenda kujua kama wengine duniani wanaishi hivi, na mfano ninaoupenda zaidi hauko kwenye soka. LeBron James ni mzaliwa wa Akron, jirani kabisa na Cleveland, na alikuwa ameichezea Cleveland Cavaliers, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, tangu 2003. Julai 2010 akatangaza kwenye kipindi cha televisheni, nchi nzima ikitazama, kwamba anakwenda Miami. Watu wakachoma jezi barabarani. Mmiliki wa timu akaandika barua kali kwa mashabiki usiku ule ule. Msimu wa nyuma yake Cavaliers walikuwa wameshinda mechi 61. Msimu wa kwanza bila yeye walishinda 19, na katikati wakapoteza 26 mfululizo. Halafu Miami wakachukua ubingwa 2012 na 2013. Unaweza kusema Cleveland walichukia kwa sababu ya kile kipindi cha televisheni, na kweli kilikuwa kitu cha kuudhi. Lakini hebu fikiria wangeshinda mechi 61 tena bila yeye. Alirudi 2014, na mwaka 2016 akawapa ubingwa baada ya kuwa nyuma kwa mechi 3-1 kwenye fainali. Hakuna anayezungumzia jezi zilizochomwa isipokuwa kama kichekesho.

Nilimsimulia habari hiyo mzee mmoja wa tawi letu, aliyeanza kushabikia klabu ikiwa bado inaitwa Sunderland, kabla ya jina la Simba mwaka 1971. Hakuvutiwa sana na Wamarekani.

"Mwanangu, Okwi umemsahau?"

Sikuwa nimemsahau, nilikuwa sijamweka pamoja na hao. Emmanuel Okwi alitufungia mawili tulipowapiga Yanga 5-0 Mei 2012. Mwaka uliofuata akauzwa Etoile du Sahel ya Tunisia, na Desemba 2013 akasaini Yanga. Yanga! Mzee anasema siku ile alikunja kadi yake akaitia kwenye sanduku. Nikamuuliza alimsamehe lini. Akafikiri.

"Aliporudi 2014 sikumsamehe. Nilimwangalia tu. Nilimsamehe 2018."

Msimu wa 2017/18 Okwi, akiwa katika zamu yake ya tatu Msimbazi, alifunga mabao 20 na Simba ikachukua ubingwa uliokuwa haujaonekana tangu 2011/12. Mzee mwenyewe hakuona kama ameniunga mkono kwa hoja. Yeye alikuwa anaeleza tabia ya Okwi kuwa na moyo wa Simba tangu zamani, mimi nasikia mabao 20.

Mzee huyo huyo, ingawa, ana jambo moja ambalo sijaweza kulijibu. Haruna Niyonzima aliichezea Yanga kuanzia 2011, akavuka kuja kwetu 2017, akarudi Yanga Januari 2020, na katikati ya 2021 Yanga wakamuaga kwa heshima uwanjani. Wakati ule Yanga hawakuwa na ubingwa kwa misimu minne. Kwa kanuni yangu walitakiwa kuwa wakali. Wakampa maua. "Watu wanachoka kuchukia," mzee anasema. "Hasa wakiwa na njaa, maana nguvu hawana." Labda. Au labda Yanga walikuwa wameshaona timu mpya inajengwa na wakawa na furaha ya akiba. Naliacha hapo.

Kuna na habari ya Haji Manara, ambaye hata mpira hachezi. Alikuwa msemaji wetu, akaondoka Julai 2021, na mwezi uliofuata akatambulishwa Yanga. Naapa, kwenye tawi letu liliumiza kuliko Miquissone. Mchezaji huwakilisha miguu yetu. Yule alikuwa ndiye mdomo wetu, maneno tuliyowatupia watani tuliyachukua kwake, na sasa maneno yale yale yakawa yanarudi yakiwa yameelekezwa kwetu. Mzee peke yake ndiye aliyetulia. Alisema baba wa Manara ni Sunday Manara, nyota wa Yanga wa miaka ya sabini, kwa hiyo mtoto amekwenda kwao, mnalia nini?

Nirudi Julai 2024, maana kulikuwa na jambo la vitendo ambalo nililazimika kuamua. Matusi kwenye kundi yalikuwa yamefika kwenye utaifa. Watu walianza kuzungumzia Wazambia, na wageni kwa jumla, kwamba ni watu wa fedha, hawana uchungu na klabu. Dirisha lile lile Simba ilikuwa inaleta wageni wapya, mmoja wao Jean Charles Ahoua kutoka Ivory Coast. Ujumbe wa kumkaribisha Ahoua ulikuwa umekaa katikati ya jumbe za kuwatukana wageni. Dada mmoja, mwalimu kwa kazi yake, akaandika: "Na huyu akitafsiriwa haya, atafikiri tunampenda?"

Tukaweka utaratibu, mimi na mwenyekiti. Mchezaji akiondoka, mseme uchezaji wake, mseme uamuzi wake, mseme hata sura akiwa amevaa jezi ile. Nchi yake, familia yake na dini yake haviguswi. Anayegusa anatolewa kundini na kadi yake inajadiliwa kikaoni. Wawili walitolewa wiki ya kwanza, mmoja akiwa mtu anayechangia sana mabasi ya safari, na kulikuwa na minong'ono kwamba tawi litakosa fedha. Halikukosa. Wachezaji wapya husoma. Wana marafiki, wana wakala, wana ndugu wenye simu. Namna unavyomsema anayetoka ndiyo mkataba wa kwanza unaomwonyesha anayeingia.

Kuhusu Chama mwenyewe, tulifungwa na Yanga kwenye Ngao ya Jamii Agosti ile, 1-0, na tukafungwa tena 1-0 kwenye ligi mwezi Oktoba. Nakumbuka nikiangalia mechi ya kwanza nikiwa na hofu moja tu, ambayo naamini kila Mwanasimba alikuwa nayo na hakuisema: asifunge yeye. Bao lilikuwa la Maxi. La Oktoba tulijifunga wenyewe. Ni ajabu kutoka uwanjani umefungwa huku kuna sehemu ya moyo inashukuru, lakini ndivyo ilivyokuwa. Angefunga yeye, nadhani mpaka leo ningekuwa napokea simu.

Halafu Ahoua akaanza kufunga. Alimaliza msimu na mabao 16, mfungaji bora wa ligi. Ubingwa ulikwenda Yanga tena, lakini sisi tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Mei 2025, na wapinzani walikuwa RS Berkane, timu ile ile aliyowahi kwenda Chama. Tulipoteza 2-0 kwao na kutoka sare 1-1 Zanzibar. Wiki nzima ya fainali kundi lilizungumza habari za Berkane asubuhi hadi usiku, na jina la Chama sikuliona. Nililitafuta makusudi. Kijana wa jezi namba 17 alikuwa na jezi mpya, ya Ahoua, na aliponiona naiangalia akasema, "Katibu, hii nimelipia mwenyewe, usiniulize."

Msimu ulipokaribia kuisha ikawa zamu ya Aziz Ki. Akaondoka Yanga kwenda Wydad ya Casablanca, wakati wa kujiandaa na Kombe la Dunia la Klabu. Nilimpigia shemeji kumpa pole kama yeye alivyonipa pole, kwa kejeli zake, mwaka mmoja nyuma. Alikuwa mtulivu mno.

"Shemeji, sisi tuna kombe. Mchezaji huja na huondoka, klabu inabaki."

"Sawa shemeji. Tuzungumze Oktoba."

"Oktoba kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tuzungumze tu."

Tarehe 18 Oktoba 2025 Yanga walifungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi, kwenye Ligi ya Mabingwa, na kocha Romain Folz akaondolewa siku ile ile. Simu yangu iliita usiku. Shemeji hakunisalimia. Alianza moja kwa moja: nani aliidhinisha Aziz Ki auzwe, na kwa bei gani, na kwa nini wanachama hawakuulizwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia pole. Wiki iliyofuata Yanga walishinda 2-0 hapa Dar es Salaam, wakafuzu makundi, na tangu siku hiyo habari za Aziz Ki hajaniletea tena.